Friji la Shangazi Mwanaamina na Debe la Mafuta ya Taa

Watu wa Kasulu wa leo wanaoona shida ni kukosa soda baridi hawakuishi mtaa mmoja na shangazi yangu, Mwanaamina binti Hilali. Mwaka sabini na tatu, mji mzima ukiwa hauna hata waya wa umeme wa kuanikia nguo, yeye alikuwa na friji. Lilikuwa la mafuta ya taa, jeupe, limesimama kama askari wa gwaride, na chini yake kuna tangi na utambi. Unawasha moto chini, juu unapata barafu. Mwalimu wangu wa fizikia alijaribu kunieleza inakuwaje. Mimi na chuo tukaachana kabla hajafika mwisho, kwa hiyo kwangu mimi bado ni miujiza.

Alilinunua Kibondo kwa daktari wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Wapakiaji, kwa huruma zao, wakalilaza juu ya magunia ya maharage, likaja hivyo mpaka Kasulu kama mgonjwa wa rufaa. Lilipowashwa halikupoza kitu. Siku ya tatu mume wa shangazi, Abbasi mwenye duka, akamwita fundi Stanislaus, aliyekuwa akitengeneza baiskeli, cherehani na, kwa maneno yake mwenyewe, redio. Fundi akalizunguka mara mbili, akaagiza ligeuzwe kichwa chini, likae hivyo kutwa nzima.

"Fundi, unalitibu au unaliadhibu?" Abbasi akamuuliza.

"Tumbo limejaa upepo, mzee. Wewe mtoto wako akijaa upepo unamwacha alale tu?"

Mtaa wote ulikuja kutazama friji lililosimama kwa kichwa. Kesho yake likawashwa, na alasiri barafu ikaonekana. Tangu hapo Stanislaus akawa haitiki mpaka umwite injinia.

Sasa Kasulu ni milimani. Mwezi wa Juni asubuhi mtu unaanza kwa kubembelezana na maji ndipo uoge. Watu walikuwa na haki ya kuuliza friji la nini. Lakini shangazi hakulinunulia soda. Mama yake alifariki Ujiji kwa homa, midomo imekauka, akiomba maji baridi, na katika joto lile la ziwani hayakupatikana. Shangazi akaweka nadhiri kwamba kila Ramadhani atawapa watu wa msikitini maji baridi ya kufuturia, iwe sadaka ya mama yake. Ramadhani ya kwanza wanaume walijaa barazani kila mmoja na kikombe chake, hadi mzee Gharibu, muadhini wetu, akasingiziwa kwamba anaikimbiza magharibi.

Tatizo lilikuwa tumbo la friji. Lilimaliza debe zima la mafuta kila wiki mbili. Debe hilo lingewasha koroboi za mtaa mzima. Mafuta yalipokuwa rahisi Abbasi aliguna tu. Mwaka sabini na nne bei ikaruka, halafu malori kutoka Kigoma yakaanza kuja bila mapipa. Abbasi akawa anawapimia wateja kwa kikombe cha kahawa, na wiki moja kabla ya Ramadhani dukani yalikuwa yamebaki madebe mawili.

"Mwanaamina," akasema, "mimi nimeoa mke mmoja lakini nalisha wawili. Na huyu wa pili hata kupika hajui."

"Huyu wa pili hakuulizi ulikuwa wapi."

"Nasema kweli, mke wangu. Wateja wanalala gizani."

"Mwezi mmoja tu, Abbasi. Nikishindwa mwaka huu, mama nitamwambia nini?"

Akakubali, madebe yale mawili yakawa ya friji. Ilikuwa Septemba, kiangazi kimekaza, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na watu walifunga kwa kiu kweli. Siku ya tano akaja Esteri, jirani yetu, aliyevuka mpaka pale Manyovu na mumewe Ntirampeba wakati wa vita vya Burundi miaka miwili nyuma. Mkononi ana koroboi tupu.

"Mkamwana wangu kajifungua juzi, baba," akamwambia Abbasi. "Mtoto tunamnyonyesha kwa kupapasa. Nipimie hata kidogo."

"Yameisha, mama."

Mlango wa nyuma, unaoingia nyumbani, ulikuwa wazi. Chini ya friji moto wa buluu ulikuwa unawaka vizuri sana. Esteri akautazama.

"Na huyu naye kajifungua?"

Abbasi akainama kutafuta kitu chini ya kaunta. Nadhani mpaka leo hajakipata. Shangazi alikuwa pale ndani, akayasikia. Alipiga magoti, akauzima ule moto, akalivuta tangi, akaijaza koroboi ya Esteri mpaka shingoni. Kisha akamwambia Abbasi atangaze mafuta yapo. Kufika jioni madebe na tangi vyote vilikuwa vikavu, na watu wa msikitini wakafuturu kwa barafu ya mwisho.

Asubuhi shangazi alikaa kwenye mkeka, hana cha kuwapa watu. Esteri akaingia na mtungi kichwani.

"Mwakeye," akamsabahi kwa lugha ya kwao. "Maji haya nimeyachota bondeni kabla jua halijayaona."

Akauchimbia mtungi kwenye mchanga uliolowa, penye upepo wa mlangoni, akauvika gunia bichi, na kutwa nzima akawa anakuja kulinyunyizia maji.

Magharibi ikafika. Mzee Gharibu akanywa, akafumba macho.

"Bi Mwanaamina, leo friji lako limepatia. Jana maji yalikuwa yananikata meno."

Abbasi akamkonyeza mkewe anyamaze. Shangazi akamtazama, akaweka jagi chini.

"Friji nimelizima, mzee. Hayo ni ya mtungi wa Esteri."

Watu barazani wakamgeukia Gharibu. Esteri ni Mkristo, na Gharibu ni mtu wa masharti. Mzee akachungulia ndani ya kikombe.

"Basi mwambie Esteri aniongeze."

Watu walipokwenda kuswali, Abbasi alimkuta mkewe ameegemea lile friji.

"Unadhani yamemfika?" shangazi akauliza.

"Nani?"

"Mama."

Abbasi akafikiri. "Gharibu peke yake kanywa vikombe vitatu. Kama hayajafika, basi yako njiani."

Mwaka uliofuata mafuta yalirudi, lakini shangazi hakuliwasha tena friji. Kila Ramadhani wanawake wale wawili walishuka bondeni alfajiri, Esteri mbele, shangazi nyuma akiyalaumu magoti yake, wakicheka kitu ambacho sisi tuliokuwa tumejifunika mablanketi hatukuwahi kuambiwa.