Bhoke Hakunyoosha Mkono

Harufu ya dawa ya kunguni ndiyo iliyotutangazia kwamba muhula umekwisha. Mitihani ikishakusanywa, tulitoa magodoro yote nje na kuyaanika kwenye nyasi mbele ya bweni, kisha tukamwaga maji ya moto kwenye viungo vya vitanda vya chuma na kupulizia dawa iliyowasha pua mpaka machozi. Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya masista, juu ya kilima kimoja wilayani Tarime, na wiki hiyo niliipenda kuliko zote. Tulifua, tukasukana, tukafanya mazoezi ya nyimbo za misa ya kufunga shule, na wasichana wa Sirari, mpakani na Kenya, wakatuchekesha kwa Kiswahili chao cha ng'ambo ya mpaka. Lakini mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara, na bwenini kulikuwa na ukimya ambao mimi, mtoto wa kuja, sikuuelewa sawasawa. Baba yangu alikuwa Msukuma aliyekuja Kemambo kuchimba dhahabu akasahau kurudi kwao. Kwetu hakuna aliyekeketwa. Kwa kina Bhoke, rafiki yangu niliyelala naye kitanda kimoja, yeye chini mimi juu, walikeketwa wote, na Desemba ile zamu ilikuwa yake.

Shule ilikuwa na utaratibu wake. Jioni ya mwisho, baada ya rozari, sista mlezi alisimama katikati ya bweni na daftari lake, akauliza nani anataka kubaki shuleni mpaka Januari. Hakuuliza sababu, maana kila mtu aliijua. Aliyenyoosha mkono aliandikwa, na kesho yake mzazi akifika langoni aliambiwa kwamba mtoto haondoki. Siku mbili kabla, tukiwa tunafua mtoni, Bhoke aliniambia kwamba atanyoosha, ila anaogopa kuwa wa kwanza.

“Wewe nyoosha, mimi nafuata,” alisema. “Wakicheka, watucheke wawili.”

“Baba atanishangaa.”

“Wako atashangaa siku moja tu. Wangu je?”

Aliniapisha kwa rozari yake nisimwambie sista wala mtu yeyote. Nikaapa. Nilijiona shujaa, nakiri.

Basi jioni ile sista alipouliza, nilinyoosha mkono juu kabisa, kama mtu anayejua jibu darasani. Bweni zima likanigeukia. Mmoja akacheka, “Msukuma naye anamkimbia nani?” Nikamtazama Bhoke. Mikono yake ilikuwa mapajani, ameibana, anatazama sakafu. Nikamkanyaga mguu. Hakutikisika. Wengine saba wakanyoosha, sista akawaandika, akanitazama mimi, akamtazama Bhoke, akauliza tena, “Hakuna mwingine?” Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Kiapo kilinizuia, na zaidi ya kiapo kulikuwa na kitu ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Labda amebadili mawazo, niliwaza. Labda anataka. Labda mimi wa kuja sina haki ya kusemea mambo ya kwao. Nikanyamaza, na sista akafunga daftari.

Kesho yake mama yake Bhoke alikuja kumchukua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, “Marahaba, mwanangu,” akanipa ndizi mbivu mbili, na uso wake ulikuwa mwema kiasi cha kunichanganya zaidi. Nilitarajia kuona mtu mbaya. Bhoke alijitwisha sanduku lake, akasema tutaonana Januari, basi. Mchana baba yangu akafika na pikipiki ya kukodi, akaambiwa langoni kwamba binti yake amekimbilia usalama. Maskini mzee yule! “Mimi?” alifoka. “Nimkekete nani, na kwetu hata kisu chenyewe hatukijui?” Sista akacheka mpaka akajifuta macho, akafuta na jina langu. Nikapanda pikipiki kwenda nyumbani kula Krismasi, na nyuma yangu bwenini kulibaki kitanda kitupu ambacho hakuna aliyekihitaji.

Bhoke alichelewa wiki mbili kurudi. Alikuja na vitenge vipya, anatembea polepole, na wale waliokuwa wakimwita msagane, yaani msichana ambaye bado hajakeketwa, sasa walimpisha mlangoni. Nilimkasirikia, nikamhurumia, na Mungu anisamehe, nikamwonea wivu vitenge vyake, yote kwa siku moja. Hatukuzungumza habari ile hata mara moja, ingawa tuliendelea kula sahani moja mpaka kidato cha nne.

Siku hizi nafundisha shuleni hapohapo. Hakuna tena kunyoosha mikono mbele ya watu. Kila msichana anaitwa ofisini peke yake, mlango unafungwa. Kuna nyumba za kuwahifadhi, kuna polisi wa dawati la jinsia, kuna simu. Najiambia kwamba mambo yamekuwa bora, kisha msimu wa tohara ukifika naona wasichana wanavyoficha nyuso zao, na sijui tena najiambia nini. Wiki iliyopita Bhoke alikuja ofisini. Binti yake, Robhi, yuko kidato cha pili. Mbele ya watu Bhoke huniita mwalimu. Mlango ulipofungwa akaniita jina langu la bwenini.

“Robhi asije nyumbani,” alisema. “Bibi yake ameshatenga mbuzi, na baba yake amekubali. Wakija kumchukua, msiwape.”

“Wewe watakufanya nini?”

“Hilo niachie mimi.”

Nikavuta daftari. Kisha nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini siku ile hakunyoosha mkono. Alikunja ncha ya kitenge chake.

“Mkono ulikataa,” alisema. “Nilikuwa nakungoja wewe useme.”

“Lakini uliniapisha, Bhoke!”

“Najua,” akasema, na machozi yakamtoka bila sauti. “Andika jina la mtoto.”