Mbolezi Langoni mwa Hospitali

Wengine hula kwa jasho lao; Dong Lanfen alikula kwa machozi, na wala hakuona haya. Katika vilima vile vya Sichuan, msiba usio na mliaji ulikuwa msiba wa kusemwa. Lanfen alivaa nguo nyeupe za msiba, akapiga magoti mbele ya jeneza, zumari likaanza, naye akalia kwa niaba ya mtoto wa marehemu. Mliaji hasemi "mama yao". Husema "mama yangu". Kinywa ni chake, lakini maneno ni ya aliyefiwa, na mwenyewe hupiga magoti nyuma yake akisikia habari zake zikiimbwa mbele ya majirani.

Alikuwa na majivuno, tusifichane. Wazee wa mji walimfuata msiba hadi msiba, vigoda mkononi, wakitafuna mbegu za alizeti na kutoa hukumu. Wakisema "leo kalia", Lanfen alirudi nyumbani akakaanga nyama. Wakisema "leo kapiga kelele tu", hata chai haikupita kooni.

Siri yake haikuwa sauti. Siku moja kabla ya kulia alikwenda jikoni kwa wafiwa, akaketi na mzee mmoja wa nyumba ile, akauliza. Marehemu alipenda kula nini? Nani alimuudhi? Alimbeba nani mgongoni? Alikuwa akisema kwamba machozi hayachotwi kwenye kisima kikavu. Wenzake walimcheka kwa kujipa kazi isiyolipwa, naye akawaacha wacheke.

Kisha mambo yakabadilika. Vijana wakaanza kuweka vilio vya kurekodiwa, wengine wakayaonea aibu mambo ya zamani, na simu ya Lanfen ikanyamaza. Ndipo akatokea Pu.

Pu alikuwa mtu wa tumbo na mkoba wa ngozi. Mtu akifia hospitalini, Pu aliwafikia wafiwa kabla ya jeneza. Aliwaambia ndugu yao kauawa na madaktari, akaleta mashada ya maua ya karatasi na watu wa kukodi, sasa Lanfen akiwa mliaji wao, akaziba lango. Kando yake alisimama bwana mwenye tai ambaye Pu alimwita wakili, ingawa hakuna aliyewahi kumwona mahakamani. Kwa mganga mkuu wa hospitali Pu alizungumza kwa upole kabisa: tukishtaki, kesi itakula miaka, na jina lenu litaoza miaka hiyo yote, mkitoa kitu kidogo leo, kesho lango ni jeupe. Hospitali nyingi zililipa. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini Pu aliifungulia duka.

Safari hii marehemu alikuwa mama yake Xie Mingfu, muuza vigae wa karibu na daraja, aliyefariki katika hospitali ndogo ya wilaya. Pu alitaka yuan laki mbili. Zaidi ya hapo alitaka Daktari Yan, yule binti aliyemtibu bibi, apige magoti langoni mbele ya picha ya marehemu, watu wampige video. Mganga mkuu alikuwa ameshachoka. Alimwonyesha Pu karatasi ambayo Mingfu mwenyewe aliandika kwamba mama yake asipasuliwe kwanza. Pu akacheka, akasema watu wa langoni hawasomi mafaili. Basi mganga mkuu akamsihi daktari apige magoti ili yaishe. Daktari Yan alikubali: kesho yake saa sita mchana atapiga magoti, kisha ataondoka mji ule na hatarudi. Hapo hakukuwa na daktari mwingine wa upasuaji.

Lanfen aliyajua yote hayo na hakuyajali. Yeye ni mliaji, alisema, kesi si zake. Alichotaka ni mzee wa kumuuliza habari za marehemu.

"Shangazi, habari za nini?" Pu alimwambia. "Lia tu kwamba daktari kamuua. Kwani unaandika historia?"

Lakini mazoea yana taabu. Alasiri ile miguu ilimpeleka kwa Bibi Gui, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akishona viatu vya maziko. Bibi Gui hakuhitaji kubembelezwa. Alieleza jinsi dada yake alivyopenda tambi zenye pilipili ya kutoa jasho, na jinsi alivyombeba Mingfu mgongoni akiwa mtoto mwenye homa, akavuka mto kwa miguu kumpeleka kwa daktari wakati mashua zilipokuwa zimesimama. Kisha akaiweka sindano chini.

"Utumbo ulikuwa umejifunga," alisema. "Daktari alitaka kumpasua siku ileile. Alimfuata Mingfu kwenye korido akimwomba atie sahihi. Mingfu akasema kesho. Kesho akasema ngoja amuulize nduguye. Aliogopa gharama, akaogopa na kisu. Sasa anatafuta wa kumbebesha. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, mdogo wangu, ndiyo maana anaitafuta hiyo pole kwa nguvu."

Usidhani Lanfen alikosa usingizi. Alilala vizuri, na asubuhi akaenda kazini.

Lango lilikuwa limejaa mashada. Wagonjwa walipitishwa mlango wa nyuma. Mingfu alikuwa na kitambaa cheupe kichwani na picha ya mama yake kifuani, macho yake chini. Nyuma ya mlango wa kioo alisimama Daktari Yan, mwembamba, bila koti lake jeupe. Wazee walikuwa wamefika na vigoda vyao, maana walisikia Shangazi Dong atalia.

Zumari likaanza. Lanfen akapiga magoti, Mingfu akapiga magoti nyuma yake, na kipaza sauti kikachukua maneno ya Pu: mama yangu, daktari amekuua. Sauti ilipanda vizuri, lakini machozi yalikataa. Akarudia. Macho makavu.

"Leo anapiga kelele tu," alisema mzee mmoja, akatema ganda la alizeti.

"Kazeeka," mwenzake akamjibu.

Nikikuambia alimfikiria daktari, nitakuwa namsingizia wema. Alimfikiria yule mzee na ganda lake. Alifumba macho akatafuta chochote cha kumliza, na kisimani hakukuwa na kitu ila alichokipata kwa Bibi Gui. Akakichota hicho.

*Mama yangu, ulinivusha mto mgongoni,*
*maji yakakufika kifuani, hukusema kesho.*
*Mama yangu, nilipoombwa sahihi moja,*
*nilisema kesho, mama, nikasema kesho.*

Machozi yakamwagika mpaka shingoni. Wazee waliacha kutafuna. Pu alichutama kando yake, akamuuliza sikioni nani kamwambia aimbe hayo, na kama anadhani atalipwa. Lanfen hakumsikia au hakutaka kumsikia. Pu akang'oa waya wa kipaza sauti, lakini sauti ile ilikuwa imezoea misiba ya vilimani kabla ya umeme kufika, ikaendelea.

Mingfu alikuwa ameinama hadi paji la uso likagusa lami.

"Basi, shangazi," alisema. "Imetosha. Ndivyo ilivyokuwa."

Aliinuka na picha yake, akapita katikati ya mashada. Yule bwana wa tai alimshika mkono, akamnong'oneza asiharibu, kesi tayari iko njiani.

"Utamshtaki nani?" Mingfu alimuuliza. "Aliyesema kesho ni mimi."

Saa sita ilikuwa imefika, na Daktari Yan alikuwa mtu wa ahadi. Alifungua mlango wa kioo, akashuka ngazi, akaanza kukunja goti. Mingfu alimwahi, akamshika kiwiko, akamsimamisha. Swali alilomuuliza alikuwa amekaa nalo tangu siku ya kifo, na makelele yote yale ya langoni yalikuwa ya kumwepusha nalo.

"Daktari, mimi sikuwepo. Mwishoni mama alisema nini?"

Daktari Yan angeweza kumchoma, na haki ilikuwa yake.

"Aliuliza kama umekula," alisema.

Mingfu akalia. Kilikuwa kilio kibaya, hakina pumzi wala mpangilio, kinakatika na kuanza upya kama mtu anayetapika. Mpiga zumari alishusha zumari lake. Lanfen, ambaye hakuwahi kumsikia mtu akilia bila kumtoa kasoro, alivua kitambaa chake cheupe na kusogea pembeni ya ngazi, akampisha.