Chafya Tatu za Bibi Gati

Enzi zetu sisi tuliokulia kwenye vilima vya Tarime, kabla umeme haujapanda huku, kicheko kilikuwa hakitafutwi. Kilikuja chenyewe wakati mnachunga, mnapalilia, au mmebeba kidumu na ufagio kwenda shule kwenye baridi ambayo mtoto wa leo haivumilii bila sweta mbili na kikombe cha chai ya maziwa. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mlioanika betri za redio juani ili zipate nguvu. Wadogo wakisoma watadhani natunga. Nimetunga miaka mingi, jukwaani, redioni na kwenye filamu, na sasa nimechoka kutunga.

Nyumbani kwetu tulikuwa watatu, wanawake wawili na mimi. Bibi Gati alifiwa na mumewe, Mzee Chacha, bila kupata mtoto wa kiume. Kwa mila yetu sisi Wakurya, mwanamke wa namna hiyo hakubali nyumba ife. Alitoa ng'ombe, akaoa binti, ndiye mama yangu Robi, ili azae watoto waendeleze jina la marehemu. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoiita. Mwanaume aliyenizaa alikuwa mtu wa kupita na hakuna aliyemzungumzia. Kwenye daftari la mwalimu, mahali pa jina la baba, niliandikwa Chacha, mtu aliyekufa kabla mama hajaletwa pale. Sikuona ajabu yoyote. Mama alikuwa mama, na Bibi Gati ndiye alikuwa mwenye mji.

Na alikuwa mwenye mji kwelikweli. Ng'ombe akiugua, ni yeye. Mgeni akija, ni yeye wa kumkaribisha kiti. Wazee wakikaa kikao cha mipaka ya mashamba, alikuwa na kigoda chake katikati yao, mwanamke peke yake, shuka begani, na shingoni amening'iniza kipembe kidogo cha ng'ombe chenye kifuniko cha ngozi. Humo mlikuwa na ugoro. Wanaume walibishana, wakapigiana fimbo chini, wakatajiana mababu. Yeye kimya. Mwishoni anafungua kipembe, anamimina kidogo kiganjani, anavuta, kisha anapiga chafya tatu. Ya kwanza fupi. Ya pili inatikisa kilemba. Ya tatu ilichelewa kidogo, na watu wote waliingoja. Ikishatoka, Bibi anajifuta pua kwa pembe ya shuka na kusema neno lake, na wazee wale ambao hata mkuu wa wilaya walikuwa wanamkatisha, walimsikiliza mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa naangalia haya kutoka kwenye kona ya zizi, mdomo wazi. Kesho yake malishoni nikawa Bibi Gati. Gunia begani kama shuka, kibuyu kidogo shingoni, vumbi la majani makavu kiganjani. Wenzangu walianguka chini kwa kucheka, ng'ombe wakaingia kwenye mtama wa watu, tukachapwa wote. Tulichapwa na mwenye shamba, tukafika nyumbani tukachapwa tena. Siku hizi ukimkemea mtoto wa jirani unaitwa ofisi ya kijiji ukajieleze. Sisi tulichapwa na yeyote mwenye fimbo, tukala ugali wetu wa mtama na muhogo, mgagani na maziwa ya mgando, tukalala.

Siku moja Bibi alinikuta nikimwigiza nyuma ya ghala. Nilikuwa kwenye chafya ya pili. Niligeuka nikamwona amesimama na jembe lake, nikajua leo ndiyo leo. Hakunigusa. Aliegemea jembe, akasema, "Mura, kijana wangu, cheka na vyote. Usicheke na kinachokulisha." Akaenda zake shambani. Nilidhani anaongelea ng'ombe.

Shuleni mwalimu wa michezo alinigundua. Siku ya wazazi nilipanda kwenye meza mbili zilizounganishwa, nikawaigiza karani wa mnada, mhubiri na mlevi anayerudi kutoka Sirari. Bibi nilimwacha, maana alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alicheka mpaka akashika mbavu. Sijawahi kuwa na mtazamaji mzuri kama yule, na nimesimama mbele ya watu wengi sana.

Nilipokuwa kijana nilipanda basi la Mwanza na begi moja, nikajiunga na kikundi cha sanaa. Tulizunguka na maigizo kwenye kumbi za vijiji na viwanja vya mpira, tukilala kwenye madarasa. Nilikuwa mchekeshaji wa kawaida tu, wa kujaza nafasi wakati wenzangu wanabadilisha nguo. Mpaka jioni moja ukumbi ulipokuwa umepoa, watu wanapiga miayo, nikaona aibu, nikajifunga shuka na kilemba, nikakaa kwenye kigoda. Nikafungua kipembe cha uongo. Nilipofika chafya ya tatu ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Hapo ndipo Bibi Chafya alipozaliwa, na mimi sikupata tena jina langu.

Redio ikafuata. Kila wiki, baada ya taarifa ya habari ya jioni, nchi nzima ilikuwa inangoja Bibi Chafya apige zile tatu na kuamua kesi za kijinga: kesi ya jogoo, kesi ya sufuria. Mtunzi wa kipindi alitaka vichekesho zaidi. Nikampa nyumba yetu. Nikasema Bibi Chafya ana mke. Nikamwigiza, kwa lafudhi yetu nzito, akiita, "Mke wangu yuko wapi, aje anipashie maji?" Studioni walicheka mpaka tukasimamisha kurekodi. Wale watu wa mjini walidhani nimeibuni. Sikuwaeleza kwamba bila jambo lile mimi nisingekuwepo wa kuwachekesha.

Redio ile kule kijijini niliinunua mimi mwenyewe. Nilimtumia Bibi kwa basi, mpya, na betri za akiba, ili asikie mjukuu wake anavyosifika.

Nilirudi nyumbani baada ya mavuno, nimebeba sukari na shuka mbili. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mwanangu." Akaniuliza safari, akaniuliza kazi, akanipa kiti. Tulikula. Baada ya kula nilikaa nikingoja chafya zake, kitu ambacho nilikuwa nakingoja tangu nipande basi. Hakikuja. Bibi alikunja mikono, akatazama nje. Kipembe nilikiona kimetundikwa kwenye msumari ukutani, kifuniko kimekakamaa.

Nilimfuata mama jikoni. Mama Robi si mtu wa kuzungusha maneno. Alikuwa anasonga ugali wa wageni waliokuwa wanakuja kuniona, akaniambia bila kuacha mwiko. Kulikuwa na kikao cha shamba letu la bondeni, lile la karibu na kijito, ambalo jirani alikuwa anasogeza mpaka wake kila msimu. Bibi alikwenda na kigoda chake. Watu walibishana, akawaacha mpaka wakachoka. Alipofungua kipembe, vijana waliosimama nyuma wakaanza kuminyana. Alipopiga ya kwanza wakacheka. Ya pili, wazee nao wakacheka, na mmoja akasema redio imefunguliwa. Ya tatu haikufika. Bibi alifunika kipembe, akanyanyua kigoda chake, akaondoka, na shamba la bondeni likaenda.

"Aliporudi nilimuuliza, walikusikiliza?" mama akasema. "Akanijibu, walicheka. Hajagusa ugoro tena."

Ningeweza kusema kwamba niliacha kazi siku ile. Sikuacha. Wala sikumwomba radhi. Nilikaa siku tatu nikiizunguka ile habari kama kuku anayezunguka nyoka, nikapanda basi. Nilijiambia nina mkataba, nina wanaonitegemea. Kwa kweli nilikuwa napenda kuchekwa. Zikaja filamu, zile zilizouzwa kwenye kanda masokoni, na sura ya Bibi Chafya ikabandikwa kwenye kuta za vibanda mpaka stendi ya Tarime. Nikishuka kwenye basi watu walikuwa wananipigia chafya badala ya salamu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nami sikuambiwa.

Bibi alipoanza kuumwa, mama alinipigia simu, nikaja. Alikuwa amekonda, amebaki macho. Asubuhi moja tukiwa wawili, mimi namnywesha uji wa ulezi, akasema, "Hebu nipigie zile."

Nilijifanya sijaelewa.

"Zile chafya. Nipigie nisikie."

Nilizipiga mbele ya maelfu, nikashindwa mbele ya kitanda kile. Alisisitiza. Nikajaribu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na uji unamwagika. Alisikiliza amefumba macho, kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma.

"Ya tatu unaiharakisha," akasema. "Chacha alikuwa haiharakishi. Alikuwa anawaangalia watu kwanza, mmoja mmoja, ndipo anaitoa."

Nikamuuliza Chacha gani.

"Una Chacha wangapi? Baba yako. Ugoro ulikuwa wake, na kipembe chake. Mimi nilikuwa siupendi, ulikuwa unaniunguza pua. Alipokufa nilienda kwenye kikao, nikaongea vizuri kabisa, hakuna aliyegeuka. Kikao kilichofuata nikaenda na kipembe, nikafanya kama yeye. Wakanyamaza. Nikaona basi, ndiyo kazi yangu hiyo." Akameza uji. "Ulikuwa unamwigiza mtu anayeigiza, mwanangu. Lakini mimi nilikuwa siwachekeshi."

Nilimwomba radhi hapo hapo, nalia kama mtoto. Akasema, "Punguza kelele, mama yako atadhani nimekufa." Alikufa wiki iliyofuata, na kipembe akaniachia mimi.

Tangu siku hiyo chafya haikutoka. Nilikuwa nafika studioni, navaa kilemba hata kama ni redio, nafungua mdomo, kimya. Wakasema si neno, tunayo iliyorekodiwa. Wakaweka ile ya zamani. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nasema maneno yangu, na mtu wa mitambo anabonyeza chafya yangu ya ujanani. Kipindi kilipokufa sikusikitika. Nikapata kazi kwenye hoteli moja huko Ikoma, karibu na geti la hifadhi, ya kuwachekesha watalii wasiojua Kiswahili. Waliniambia nianguke tu, watacheka. Nilivuna kicheko chao kwa kuanguka misimu miwili, goti likagoma, nikarudi nyumbani kwa mama.

Vijana wa hapa nao ni wachekeshaji. Kila mmoja ana simu, anachekesha kwa sekunde chache, halafu anajicheka mwenyewe ili ujue ni wapi pa kucheka. Siwalaumu. Wananiita Bibi, mimi mwanaume mwenye mvi, na wananiomba chafya kwenye kila msiba na kila harusi. Nawaambia nimesahau.

Mwezi uliopita kiliitishwa kikao. Mjukuu wa jirani yule amevuka kijito, anachukua na upande uliobaki. Mama ni mzee sasa, miguu haimbebi, akaniambia, nenda wewe, ndiwe mwenye mji. Nikaenda na kigoda cha Bibi. Nilisubiri waseme wote. Niliposimama, kabla sijasema hata neno, wakaanza kucheka. Si kwa ubaya. Walikuwa wananipenda, walikuwa wanangoja.

Nikakaa. Nikatoa kipembe. Kazini miaka yote nilitumia kiganja kitupu. Siku ile kulikuwa na ugoro kweli, nimeununua sokoni Tarime. Uliniunguza pua kama Bibi alivyosema. Ya kwanza ikaja yenyewe, ya pili ikaja. Ya tatu niliishikilia, nikawaangalia mmoja mmoja, jinsi nilivyoelekezwa, nikaitoa. Wakacheka mpaka wengine wakalala kwenye majani, simu zimeinuliwa juu, na mimi nikasema habari ya shamba letu lote, kijito, mpaka na miti aliyoipanda Mzee Chacha, ndani ya kicheko kile.

Nilirudi taratibu, goti linauma. Mama alikuwa amekaa mlangoni, ananingoja.

"Walikusikiliza?"

Nikaweka kigoda chini.

"Walicheka, mama."

Alitikisa kichwa, akasogea kidogo kunipisha nikae. Enzi zetu chafya ya mtu mmoja ilinyamazisha kikao kizima cha wanaume, na shamba likabaki. Siku hizi wamecheka, na wa kwanza kuwafundisha nilikuwa mimi. Tulikaa pale mlangoni mimi na mama, tukitazama bondeni, watu wa jirani yule wanalima.