Leo Nimeujibu Mlango Wangu

Jamani, leo nimeongea na mlango, na jirani kanisikia.

Tangu mume wangu afariki naishi peke yangu hapa Bariadi. Mwanangu wa Dar kanitumia kitasa cha Bluetooth cha kufungua kwa simu.

Mpaka saa nane mchana kiligoma kuungana na mfumo wa nyumba, ule aliouweka mwanangu wa kuwasha taa na spika. Kumbe kifaa cha kuunganishia kilikuwa chumbani, mbali mno. Nikakisogeza karibu na mlango. Kikakubali!

Nikatoka nje, nikafungua kwa simu.

Taa zikawaka, spika ikasema maneno aliyoyaandika mwanangu: "Karibu nyumbani, mama. Umeshindaje?"

Nikajikuta najibu. "Nimeshinda salama, ila goti linanisumbua." Nikaendelea kabisa, mpaka habari za pamba ya shambani Lagangabilili!

Nyuma yangu jirani, Mama Kulwa, akauliza, "Mayu, mama yangu, una mgeni?"

Aibu niliyoona! "Sina. Nilikuwa naujibu mlango."

Wala hakucheka. "Hilo goti limeanza lini?"

Nikalia palepale kizingitini. Tangu msiba uishe, hakuna aliyeniuliza kitu kama hicho.

Nyie mnaoishi peke yenu, huwa mnaongea na nani?