Muhuri Niliokwenda Kuutafuta Kwingine

Wiki iliyopita tulimzika, kijijini Marui, Kisarawe, fundi mmoja wa mashine za hospitali aliyekuwa na karakana pale Mkuza, Kibaha. Mimi, kama wasomaji wangu mnavyojua, nafundisha uhandisi wa vifaa tiba chuoni. Zamani tulimpelekea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo; akimaliza nao anagonga muhuri kwenye daftari la kila mmoja, nasi tunatoa maksi. Kwa sisi watu wa karatasi, huo ndio ushirikiano wa chuo na karakana.

Mwaka mmoja alirudisha daftari la binti mmoja bila muhuri. Nikamfuata nimefura, maana matokeo yalikuwa yanasubiriwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Huyu hajafungua mashine hata moja. Nigonge muhuri wa nini?"

Nikamwambia nadharia anaijua, nimemfundisha mwenyewe. Akasogeza mashine ya oksijeni, akanipa bisibisi. "Basi nitolee kichujio cha ndani." Jamani, mashine ile nimeichora ubaoni miaka nenda rudi. Nikaigeuza, nikapapasa, jasho likanitoka. Yeye akainuka akafunga mlango, wanafunzi wasinione. Kisha akanionyesha: nyuma, chini ya kifuniko kidogo, skrubu mbili. "Kikiziba, mgonjwa anavuta hewa tu akidhani ni oksijeni. Niachie binti wiki mbili, atajua."

Mnadhani nilimwachia? Daftari nililipeleka kwa wakala mmoja wa mashine, likagongwa muhuri kabla sijakaa. Tangu hapo sikumpelekea fundi mwanafunzi tena. Nilisema karakana yake ni ndogo. Ukweli ni kwamba niliona haya, na haya yangu nikayavika joho la chuo.

Mazikoni kaka yake alinishika mkono. "Marehemu alikuwa akisema ipo siku utamletea tena wanafunzi." Nikajibu, "Tulishirikiana vizuri sana." Nilidanganya, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi.

Juzi yule binti, sasa mhandisi wa hospitali moja, alinipigia simu: wodini kuna mgonjwa, mashine ya oksijeni inatoa hewa tu, na hajui aanzie wapi. Nikamwambia: nyuma, chini ya kifuniko kidogo, skrubu mbili. Baadaye akapiga tena. "Imekaa sawa. Ahsante, mwalimu. Mbona hili hukutufundisha?"

Nikamweleza ni nani aliyenifundisha, na kwa nini yeye hakufundishwa. Akakata simu.

Mficha uchi hazai. Mwalimu asiyekubali kufundishwa karakanani asimpeleke mtoto wa mtu huko kutafuta muhuri.