Kabla ya Kushusha Mbegu

Mimi si mzaliwa wa Ugogo. Nilizaliwa vilimani Kondoa, katika nyumba ya Waislamu, na nililetwa Makutupora na mume niliyempenda. Alikuwa kijana wa Kigogo aliyekuja kwetu na wafanyabiashara wa ng'ombe, akakaa, akasilimu, akaniposa. Baba yangu alimkubali kwa sababu alimwona mchana mmoja wa jua kali akimnywesha punda kabla hajanywa yeye mwenyewe.

Siku hizo Wajerumani walikuwa wameshaifikisha reli Dodoma, na walikuwa wakiisukuma mbele kuelekea Tabora. Baada ya mavuno yangu ya kwanza ukweni, mume wangu aliondoka na vijana wenzake kwenda kufanya kazi huko reli ilikokuwa ikijengwa. Nikabaki kwenye tembe, nyumba yao ndefu ya udongo yenye paa bapa, pamoja na wakwe zangu wawili.

Baba mkwe alikuwa mcheshi. Alipenda kuniiga ninavyotamka maneno ya Kigogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. Mama mkwe hakuwa na maneno mengi. Asubuhi nilipomwambia, "Shikamoo, mama," aliitika "Mbukwa," ya kwao, huku ameshageuka kuangalia moto wake. Kiswahili alikuwa nacho kidogo, alichokipata enzi za misafara, walipokuwa wakiwauzia wapagazi chakula. Kigogo changu kilikuwa kibovu. Basi tulizungumza kwa vipande vya lugha zote mbili, tena vipande vya lazima tu: maji yameisha, kuni ziko wapi, ndama amefunguka.

Kulikuwa na jambo moja katika nyumba ile ambalo sijaliona kwingine, na sijui kama ni la Wagogo wote au ni lao peke yao. Mbegu za mtama na uwele zilitundikwa juu ya meko, moshi uzilinde na wadudu. Mwisho wa kiangazi, kabla ya kuzishusha, baba mkwe aliwakalisha watu wote wa nyumbani uani na kila mmoja alieleza mwaka uliokwisha ulimtendea nini. Wakishamaliza ndipo waliposema watakalolifanya mwaka unaokuja. Mume wangu alinisimulia hayo kwa kujivunia. Alisema baba yake hakuwahi kumkatiza mtu, hata mtoto.

Mimi sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Katikati ya kiangazi aliugua homa na kifua. Mchana mmoja mama mkwe alikwenda mtoni, kwenye visima vilivyochimbwa mchangani, na aliporudi na mtungi wake alinikuta nimekipakata kichwa cha mumewe mapajani. Alikuwa ameshakata roho. Mama mkwe aliutua mtungi polepole, bila kumwaga tone, akakaa chini. Tuliwapa wapagazi waliokuwa wakielekea magharibi ujumbe wa kumpelekea mwanawe. Hatukujua kama ulifika.

Baada ya maziko nyumba ilinyamaza kabisa. Ilipoingia Ramadhani nilifunga peke yangu, na kila jua lilipozama nilikuta uji umefunikwa kando ya meko. Hakuniambia kwamba ni wangu. Niliunywa, nikaosha kibuyu, nikakirudisha.

Upepo wa vumbi ulipoanza kupungua na mawingu kuonekana upande wa mashariki, majirani walianza kuberega, yaani kufyeka na kuchoma vichaka na mabua ya zamani ili mvua ikute shamba liko wazi. Mama mkwe hakugusa jembe. Nilingoja. Mwishowe nikachukua jembe la marehemu nikaenda shamba la mbali, lile kubwa, nikaanza kufyeka mwenyewe. Nilijiambia mume wangu akirudi alikute shamba la baba yake limelimwa lote. Nilitaka aone. Sikujiuliza kama ninaweza.

Nilifyeka mpaka viganja vikachubuka. Siku moja, jua likiwa bado halijapanda sana, nilimwona mama mkwe anakuja, anavuta mguu wake wa kulia uliokuwa ukimsumbua nyonga. Alikaa juu ya kisiki kilichoungua nusu, akanitazama kwa muda.

"Utapanda nini hapa?" aliniuliza.

"Mtama, mama."

"Mbegu ziko juu. Hazijashushwa."

"Nitazishusha."

"Hazishuki hivyo," akasema. "Hatujasema mwaka."

Nilisimama na jembe langu. Nilikuwa na hasira, na uchovu, na njaa kidogo. "Basi tuseme, mama. Tupo wawili tu. Nani atatukalisha?"

Alipapasa kisiki pembeni yake. Nikaenda nikakaa.

Alinyoosha mguu wake wa kulia. Kisha akasema, akitazama majivu, "Mwaka huu nimekwenda kuchota maji, nikarudi nikakuta mtu wangu hayupo. Nimekaa naye tangu nilipokuwa msichana. Halafu aliondoka mikononi mwako, mtoto wa Kondoa. Nimekuonea wivu kwa ajili hiyo, na hilo nalo ni la mwaka huu."

Nililaza jembe miguuni pangu.

"Alisema nini?" akaniuliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Na mimi sikusema, kwa kuwa niliona ni neno dogo mno kuwa la mwisho la mzee kama yule.

"Aliuliza kama ng'ombe wameshakunywa maji."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia wameshakunywa."

"Walikuwa wameshakunywa?"

"Hapana, mama. Walikuwa bado hawajafika hata mtoni."

Alinigeukia. Nilidhani atanikaripia. "Ulifanya vizuri," akasema. Kisha kicheko kikamtoka, kifupi, kama mtu aliyekumbuka tabia ya mtu anayemjua sana. "Ng'ombe! Mpaka siku ile, ng'ombe!" Alicheka na machozi yakamshuka, akayaacha yashuke. Nami nikalia, kwa mara ya kwanza mbele yake. Wakati wote wa maziko nilikuwa nimejizuia nisije nikalia kwa Kirangi, lugha yetu ya Kondoa, kwenye nyumba ya watu.

Tulipotulia akanigusa goti. "Na wewe?"

Nilimwambia kweli. Kwamba nilimkumbuka mume wangu kiasi cha kuchoka. Kwamba jioni ndiyo ilikuwa mbaya kuliko nyakati zote, mifugo inapoingia na kila nyumba ina sauti ila yetu. Kwamba asubuhi moja baada ya Ramadhani nilifunga mzigo wangu nirudi kwetu, nikafika mlangoni, nikaona nyonga yake haitaweza mtungi, nikaufungua.

"Najua," alisema. "Nilikusikia. Nilikukaangia karanga, nikakuwekea mlangoni, zikufae njiani."

Nilimkodolea macho. Karanga zile nilizikuta kweli kwenye kibakuli cha mti pale kizingitini, zingali moto, nikadhani amezisahau. Nilizirudisha jikoni.

"Uliporudisha karanga ndipo nilipojua umebaki," akasema.

Tuliendelea kukaa pale. Tulitaja na mengine ya mwaka, yaliyokuwa mazuri: mbuzi aliyezaa pacha, na namna marehemu alivyokuwa akiniiga, mpaka mama mkwe naye akajaribu kumwiga akiniiga, vibaya sana. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile.

Kisha akasema, "Sasa yanayokuja."

Nilianza mimi, nikamwambia habari za shamba lile kubwa na jinsi nilivyotaka mume wangu alikute limelimwa lote. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza. Halafu akaishika mikono yangu akaigeuza viganja juu, akavitazama vilivyochubuka.

"Shamba hili lilikuwa la mgongo wake yeye," alisema. "Sisi tuna mgongo wako na nusu ya wangu. Tulime la karibu, tulipalilie vizuri. Hili lipumzike."

Iliniuma kuliacha, kwa kuwa nilikuwa nimeshafyeka sehemu kubwa. Lakini baada ya yote tuliyoyasema sikuweza kujifanya sijui mwaka ule ulikuwa umetuacha na nini. Nikakubali. Nikamwambia pia nataka anifundishe Kigogo cha kweli, nisichekwe kisimani.

"Utachekwa tu," alisema, "lakini nitakufundisha. Mimi nataka kwenda Dodoma."

"Dodoma, mama? Kufanya nini?"

"Kuiona hiyo reli. Imemchukua mwanangu, nami sijawahi kuiona sura yake."

Siku iliyofuata tulizishusha mbegu. Tulipanda shamba la karibu kwenye udongo mkavu, na kabla mvua haijashika tukaenda Dodoma. Tulitembea taratibu kwa ajili ya nyonga yake, tukalala kwa ndugu zao njiani, na tukafika stesheni watu wakiwa wengi, wake kwa waume, na mizigo ya ngozi na nta imelundikwa. Treni ilikuwa haijafika. Mama mkwe hakuingoja. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye reli, akainama, akaweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa haraka kwa joto, kisha akakirudisha.

"Kumbe inalala chini tu," akaniambia. Aliitazama ilivyokwenda magharibi, imenyooka, mpaka ikapotea. "Ameilaza vizuri."

Nilimwacha aamini kwamba kipande kile kilikuwa cha mwanawe. Huenda kilikuwa.

Kulikuwa na Mnyamwezi mmoja, msimamizi wa vibarua, aliyekuwa akirudi kazini na treni ya siku ile. Mama mkwe alimwendea mwenyewe na Kiswahili chake cha misafara. "Bwana, mimi mama. Mtoto yangu iko mbele huko. Mwambie baba yake amekufa. Mwambie mama yake hajafa, na mke yake anapalilia."

Yule bwana hakucheka. Aliuliza jina la mume wangu na ukoo wake, akaurudia ujumbe mara mbili, neno kwa neno, mpaka mama mkwe akaridhika. Treni ilipofika, kwa kelele na moshi wake, mama mkwe alinishika mkono akaubana sana, lakini hakurudi nyuma.

Mvua ya mwaka ule haikuwa nyingi, ila ilikuja kwa mpangilio. Shamba la karibu tulilipalilia mpaka likawa halina jani geni. Majirani waliolima mashamba makubwa, baadhi walivuna na baadhi mtama wao ulimezwa na magugu. Mtama wetu ulipoanza kutoa masuke mume wangu alikuja, amekonda, amevaa kofia ya mfanyakazi wa reli. Yule Mnyamwezi alikuwa amemfikia. Ujumbe wa wapagazi haukuwahi kufika. Alimkuta mama yake uani akinifundisha kutamka neno ambalo sijalipata mpaka leo, akapiga magoti mbele yake, naye akamshika kichwa. Niliwaacha, nikaenda kuwasha moto.

Alitaka tuhamie Dodoma, karibu na stesheni, ambako kazi ilikuwa inapatikana. Tulilizungumza kwa siku nyingi. Mwishowe alibaki nyumbani, na mwaka uliofuata shamba la mbali likalimwa. Binti yetu wa kwanza alizaliwa wakati wa kupalilia. Mama mkwe ndiye aliyempokea, akamwosha kwa maji ya vuguvugu, akamwimbia kwa Kigogo, na katikati ya wimbo akachomeka maneno ya Kirangi aliyokuwa ameyasikia kwangu, akiyatamka vibaya kuliko nilivyowahi kutamka mimi ya kwao. Nilicheka mpaka kidonda cha uzazi kikaniuma, naye akaendelea kuimba.