Samaki wa Baba Hawakungoja Beseni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Scholastique yuko ndani ya maji mpaka mapajani. Sketi kaifunga kiunoni, begani ana kipande cha kitenge kilicholowa. Anainama, anazamisha mikono miwili polepole, anamtoa tilapia mmoja mnene na kumfunika kwa kitenge kama mtoto aliyetoka kuoga. Halafu anamgeuza ubavu.

"Angalia," anasema. "Juu ya huyu peke yake wako kumi na moja."

Kweli wapo. Vidude bapa, kijani kichafu, kama dengu zilizobandikwa kwenye magamba. Ukikaza macho, dengu zinatembea! Hao ndio chawa wa samaki. Wanatoboa ngozi, wanafyonza, na wakishamchosha mmoja wanaogelea kumtafuta mwingine.

Bwawa lenyewe liko bondeni, nyuma ya majumba ya Kinindo, karibu na ziwa. Mwezi wa tatu lilikuwa na samaki elfu moja na mia nne. Leo hawafiki mia mbili. Kabla ya saa sita litakuwa limekaushwa, maana mwenye bwawa, Hadji Tajudini, mfanyabiashara wa Buyenzi, amesema anakuja na chokaa ya kuua chawa na mayai yao, na akisema amesema.

Kati ya hao waliobaki, watano ni wa marehemu baba yake Scholastique. Waliletwa wakiwa wameshakatwa ncha ya pezi la mgongo, ili wasipotee kati ya wengine. Ndio anaowatafuta tangu kulipokucha.

Wenye mabwawa wa upande huu wanamwita Mama Munyu, kwa sababu ya ndoo yake ya chumvi. Ana miaka arobaini na sita. Alikimbia vita Kongo na binti yake, Chance, wakavuka mpaka na kupanga chumba Mutakura. Hapa alianza kwa kufyeka majani tu. Leo, samaki wako wakianza kujikuna kwenye miti na kurukaruka ovyo, unamtafuta yeye. Anapima chumvi kwa mkebe wa maziwa ya unga. Anasimamisha mbao ndani ya maji ili chawa watage mayai juu yake, kisha anazing'oa na kuzianika juani, mayai na yote. Ameokoa mabwawa ya watu namna hiyo.

"Watu wanataka dawa ya chupa," anasema. "Mi nawaambia, dawa ya kwanza ni beseni."

Beseni ni lile la bluu hapo getini, kubwa, la plastiki. Samaki mgeni yeyote anakaa humo siku ishirini na moja kabla ya kugusa bwawa. Hata wale aliowanunua Hadji mwenyewe walingoja. Hadji alicheka siku hiyo: "Mama Chance, imebaki mi tu uniweke mu ile beseni!"

Halafu akaja Murhula.

Murhula ni mdogo wake, humwita Yaya, yaani dada mkubwa. Alitoka kijijini kwao, upande wa Walungu, Kongo, na bidon, dumu la njano lenye samaki kumi na wawili kutoka bwawa alilochimba baba yao kwa mikono. Njia nzima alikuwa akiwabadilishia maji. Alifika macho mekundu, miguu imevimba, anacheka.

Scholastique akaelekeza mkono kwenye beseni. Murhula akaacha kucheka.

"Yaya, Baba alale inje kama mwizi? Nimevuka mupaka na yeye, we unamuweka mu plastiki?"

Kwao, samaki wa mbegu anayeletwa na ndugu anamwagwa palepale, aliyemleta akitazama. Kumngojesha ni kumwambia ndugu yako kwamba kwake kunanuka. Scholastique alilijua beseni, na kwao alikujua pia. Akafungua bidon. Wakamwaga pamoja, wakashikana mikono, wakalia kidogo.

"Sikuangalia hata mmoja," anasema. "Mi, Mama Munyu! Ningegeuza mmoja tu, ningeona."

Wiki tatu baadaye samaki wakaanza kujikuna. Alijua siku ileile, akanyamaza siku kumi. Aliona aibu. Akaongeza mbao, akaongeza chumvi kwenye beseni, akawapitisha samaki mmoja mmoja. Chawa walikuwa wamemtangulia.

Murhula hakupata habari. Alipokuwa akirudi nyumbani, vita vilimkuta njiani, akauawa. Majirani waliokimbia wanasema kingo za bwawa la baba zimebomoka, maji yamekwenda. Kwa hiyo hawa watano ndio wote waliobaki.

Saa tatu anao wote kwenye maji ya chumvi. Anamshika mmoja mmoja ndani ya kitenge na kung'oa chawa kwa kipinseti cha Chance cha kutolea nyusi. Wawili wanalala ubavu kabla hajamaliza. Wa tatu ni jike, la mwisho kati ya majike manane. Tilapia jike anabeba mayai mdomoni na wakati huo hali kitu, ndiyo maana chawa waliwamaliza majike kwanza. Huyu anafungua mdomo, anatema mayai yake. Ni meupe. Yameshakufa. Naye hachukui muda kuyafuata.

Lori linapiga honi. Hadji anashuka, anatazama ndani ya beseni.

"Wangapi?"

"Wawili, Hadji. Dume zote."

Hadji anazungusha tasbihi kidoleni. "Inna lillahi," anasema, na hacheki. "Mama Chance, we ungeniambia mapema."

"Kweli, ningekuambia."

"Samaki wataletwa wengine. Kazi yako iko palepale. Lakini ningekusaidia kubeba mzigo."

Saa sita samaki wengine wote wameshaopolewa, bwawa ni tope. Scholastique anamwaga chokaa mwenyewe, anakataa kusaidiwa, mpaka tope lote linakuwa jeupe na nyusi zake pia. Litaachwa lipasuke kwa jua mwezi mzima.

Mpango wake anao. Atatafuta majike ya kwingine, safi, na kuwapa hawa wawili.

"Watoto watakuwa nusu," anasema. "Nusu ya Baba. Afazali nusu."

Na majike hayo yatangoja?

Anageuka kulitazama beseni la bluu getini, wanamozunguka madume wawili wenye pezi lililokatwa.

"Siku makumi mbili na moja. Hata Murhula afufuke leo, aje na bidon yake. Nitamukumbatia, nitamuosha miguu, nitamupikia bugali. Samaki yake itangoja." Anapangusa chokaa machoni. "Akasirike tu. Nitamuambia, kasirika, mudogo wangu, lakini kaa."